Kiinua Mgongo

Pesa ziliingia benki Alhamisi:
miaka kumi na minane imegeuka tarakimu
kwenye karatasi iliyokunjwa mara tatu.
Kiinua mgongo, wanaiita.
Nikapanda ngazi za nyumba ya mama, Langoni,
mgongo umepinda vilevile.

Wiki ile kila mtu alikuwa na kazi yangu mfukoni.
Binamu yangu Skanda: lango la hoteli kule Shela,
sare mpya, rungu, chai ya bure.
"Si ndiyo uliyoizoea? Kusimama?"
Mwenye duka la simenti alinivutia kiti,
akasema mwanajeshi haibi, au haibi sana,
nimhesabie mifuko.
Wote niliwaambia inshallah,
kama mtu anayefunga mlango bila kuubamiza.

Somoe hakusema kitu.
Alinikuta saa kumi alfajiri
nimeketi ukingoni mwa kitanda, buti zimefungwa kamba,
nangoja filimbi.

Usiku mmoja nikatoka kutembea.
Sitaki kuiita doria, lakini
nilikuwa nahesabu milango.
Kwenye kichochoro nyuma ya Mkomani,
chembamba, mabega mawili hayapishani,
nikakutana na punda, peke yake.
Nikabana ukutani, kisigino kwa kisigino, kidevu juu.
Akapita bila kunipigia saluti.

Ndipo nikausikia mguu wa nyuma, wa kushoto:
ta, ta, ta, kisha kimya kidogo.
Kimya hicho nakijua.
Nilitembea nacho siku tisa, msumari ndani ya buti,
kilo thelathini mgongoni, na sajini nyuma yetu
akirudia methali yake:
punda afe, mzigo wa bwana ufike.
Tulicheka, maana tulikuwa vijana
na hakuna aliyeuliza bwana ni nani.

Asubuhi nikamvuta hadi kliniki.
Nasema nikamvuta; kweli tulijadiliana njia nzima,
na hoja zake zilikuwa na uzito.
Daktari Nasimiyu akainua ukwato, akachokoa,
kikatoka kipande cha tumbawe, na usaha.
"Shika hapa. Usibane. Ngoja."
Nikashika. Nikangoja.

Kikosini kazi yangu ilikuwa mabomu ya ardhini:
kulala kifudifudi, kijiti mkononi,
kuuliza mchanga swali lilelile
sentimita kwa sentimita,
bila kuudhika unapokaa kimya.
Sikudhani kuna pengine duniani
ujuzi huo unapotakiwa.
"Umejifunza wapi kutulia hivi?"
"Kazini," nikasema.
Hakuuliza zaidi. Akanipa ndoo.

Mshahara ni theluthi ya lango la Shela.
Somoe alipiga hesabu kwa vidole, mara mbili.
"Miaka yote ile serikali ikulishe,
uje kuosha kwato?"
Hakunisemesha hadi Jumapili.
Jumatatu nilikuta kanga yake ya zamani
imechanwa vipande virefu, upana wa bendeji,
jina lake limekatika katikati ya neno.

Juzi, pale mizigo inaposhushwa,
Kupi, kijana wa miaka kumi na mitano,
alipakia mifuko minne kwa punda wa miwili.
"Teremsha miwili," nikasema.
Sauti ilitoka ile ya uwanja wa gwaride,
hata mimi ikanishtua.
Akateremsha, akinung'unika.
Amri nimezipokea na kuzitoa nusu ya umri wangu;
sikuwahi kuipenda hata moja kabla ya hiyo.

Bado naamka saa kumi.
Buti nimempa Skanda, anayesimama Shela siku hizi.
Na yule punda wa kichochoroni,
nilipoinama jana kumkagua,
alinitandika teke la paja, nikaketi kwenye kinyesi.
"Fadhila ya punda," akasema Daktari.
"Ndiyo," nikamwambia, machozi yananitoka,
"lakini umeiona nguvu ya ule mguu?"